Daraja la Kyaka na Michezo ya Vita

Mto Kagera haushiki njia moja. Hutoka kusini ukiwa mpaka baina ya Tanzania na Rwanda, hupanda kaskazini ukiambaa nchi ya Karagwe na Kyerwa katika mabonde yenye mafunjo, kisha hugeuka kwa ghafula kuelekea mashariki. Hupita Murongo, ambako ng'ambo yake ni Kikagati ya Uganda. Huacha kuwa mpaka ukaingia ndani ya Tanzania. Hufika Kyaka, palipo na daraja la barabara iendayo Mutukula. Na mwisho wa safari yake humwaga maji yake katika Ziwa Viktoria. Machoni pa mchora ramani mto huu ni mstari wa buluu. Machoni pa mtu aliyekaa kando yake ni njia, ni mpaka na ni riziki. Na katika mwaka wa 1978, kwa watu wa mkoa wa Kagera, ulikuwa ukuta uliowatenga waliosalimika na waliotekwa.

Wilaya za Karagwe na Kyerwa zilikuwa wilaya moja mpaka Kyerwa ilipotengwa mwaka wa 2012. Katika miji yake midogo, kama ilivyo katika miji mingi ya dunia, kijana mwenye kompyuta aweza leo kuketi mbele ya kioo akawa rubani wa MiG-21, ndege ile ile ya Kirusi iliyotumiwa na jeshi la Uganda katika vita vya Kagera. Mchezo uitwao Digital Combat Simulator humwekea mbele yake vyombo vya chumba cha rubani kimoja kimoja, na akikosea kuwasha swichi ndege haiondoki. Mchezo wa Harpoon, uliotungwa na Mmarekani Larry Bond na kutolewa mwaka wa 1980, kwanza kwa karatasi na dadu na baadaye kwa kompyuta, humfanya mchezaji kuwa amiri wa manowari na ndege: humfundisha umbali ambao rada huona, masafa ya kombora, na kiasi cha mafuta kitakachomrudisha nyumbani. Watungaji wa michezo hii hujivunia ukweli wake, na fahari yao si ya bure. Lakini ukweli wa vita una nyuso nyingi, na uso uonyeshwao na mchezo si lazima uwe ule ulioonekana Kyaka.

Jambo hili lafaa kuchunguzwa na wanafunzi wa historia kwa sababu moja kubwa. Kizazi kilichoiona vita ile kwa macho chazeeka, na kizazi kinachokifuata kinajifunza vita kwa mchezo kuliko kwa masimulizi. Ikiwa mchezo ndio utakaokuwa mwalimu, hapana budi kumwuliza mwalimu huyo anajua nini na hajui nini.

Asili ya mwalimu huyo si kompyuta. Mwaka wa 1812 Mprusia mmoja, Georg Leopold von Reisswitz, alimtengenezea mfalme wake meza ya kuchezea vita. Na mwaka wa 1824 mwanawe, aliyekuwa afisa wa mizinga, alichapisha kanuni zilizouhamisha mchezo kutoka juu ya meza ukawa juu ya ramani ya kweli, ya kipimo cha moja kwa elfu nane. Mwana huyu alitia katika mchezo mambo mawili ambayo yamebaki mpaka leo. La kwanza ni dadu, kwa kuwa alijua ya kwamba risasi zile zile, zikipigwa na watu wale wale, haziui idadi ile ile kila siku. La pili ni mwamuzi, ambaye ndiye peke yake aliyeona mambo yote. Wapiganaji wawili waliambiwa yale tu ambayo macho yao yangaliweza kuona.

Kwa mambo hayo mawili mchezo wa Reisswitz uliachana na michezo ya zamani. Mtu azoeaye bao ataufahamu upesi mwachano huo. Katika bao kila kete i wazi, kila shimo lahesabika, na anayeshindwa hana wa kumlaumu ila akili yake. Bao hufundisha hesabu na subira, nayo ni mafunzo makubwa. Lakini halifundishi woga wa kutojua. Katika vita, kete za adui zimo gizani, na aghalabu hata kete zako mwenyewe hujui zimefika shimo lipi.

Mchezo wa namna hii ulionyesha thamani yake baharini katika vita vikuu vya pili. Mwaka wa 1942, katika mji wa Liverpool, afisa wa manowari wa Kiingereza Gilbert Roberts, pamoja na wanawake vijana wa jeshi la majini, walichora bahari juu ya sakafu na kuzicheza upya safari za meli zilizokuwa zikizamishwa na nyambizi za Wajerumani katika Atlantiki. Maafisa waliojifunza hapo walichungulia sakafu kwa tundu ndogo za pazia, ili waone kile tu ambacho nahodha angekiona usiku. Kwa kucheza hivyo waligundua ya kwamba nyambizi haikupiga kutoka nje ya msafara, kama ilivyodhaniwa, bali ilijipenyeza kwa nyuma ikielea juu ya maji katika giza, ikapiga ikiwa katikati ya meli zenyewe. Kutokana na ugunduzi huo ilitungwa mbinu mpya ya kuisaka, nayo ikafundishwa kwa manahodha. Yafaa kuangalia jinsi ugunduzi huo ulivyopatikana. Haukutoka katika kitabu cha sifa za nyambizi. Ulitoka katika habari za waliorudi: meli ilipigwa saa ngapi, ikiwa mahali gani, na mlipuko ulionekana upande upi. Mchezo ulisema kweli kwa sababu ulianza kwa kuwauliza walionusurika.

Hicho ndicho kipimo kinachofaa kutumiwa kwa habari za Kagera, na kabla ya kufika Kyaka yafaa kuanzia ziwani, maana vita vya majini na vya angani havikuwa vigeni katika nchi hii. Wakati wa utawala wa Wajerumani Karagwe ilikuwa chini ya Bukoba, na bandari ya Bukoba ilikuwa mlango wake wa kutokea ziwani. Vita vikuu vya kwanza vilipoanza mwaka wa 1914, Waingereza walikuwa na meli kadhaa za moshi katika Ziwa Viktoria, na Wajerumani walikuwa na chombo kidogo cha kuvutia mashua kiitwacho Muansa. Tofauti hiyo haikuletwa na ushujaa wa mabaharia. Ililetwa na reli iliyotoka Mombasa ikafika Kisumu mwaka wa 1901. Meli zilibebwa vipande vipande katika mabehewa, zikaunganishwa ufukoni. Mwenye reli ndiye aliyekuwa mwenye ziwa.

Tarehe 22 Juni, 1915, meli hizo zilileta askari kutoka Kisumu na kuwashusha kaskazini ya mji wa Bukoba. Shabaha yao ilikuwa stesheni ya simu ya upepo iliyowawezesha Wajerumani kupashana habari. Mapigano yaliendelea mpaka siku ya pili; stesheni ikaharibiwa, askari wakapanda meli zao wakarudi. Katika hesabu ya mchezo wowote wa vita, huo ni ushindi usio na doa: shabaha imevunjwa na jeshi limerejea. Lakini katika siku hiyo ya pili mji uliporwa na hao washindi, na uporaji huo haumo katika kanuni ya mchezo, kwa kuwa mchezo humaliza hesabu pale shabaha ianguka­po. Kwa mtu wa Bukoba, hesabu ilikuwa ndiyo kwanza inaanza.

Majuma mawili baadaye, katika delta ya Rufiji, vita vya maji na vya anga viliunganishwa kuwa kitu kimoja. Manowari ya Kijerumani Königsberg ilikuwa imejificha katika mikono ya mto, nyuma ya mikoko, mahali ambapo wapiga mizinga wa Kiingereza hawakuweza kuiona. Manowari mbili fupi za mtoni, Severn na Mersey, zilipiga bila kuona, na ndege iliyozunguka juu iliwaarifu kwa simu ya upepo mahali makombora yalipoangukia. Jaribio la tarehe 6 Julai, 1915, lilishindwa. Katika jaribio la tarehe 11 Julai ndege yenyewe ilipigwa ikaanza kushuka, na wakati inashuka mtazamaji wake aliendelea kupeleka masahihisho mpaka ilipoanguka majini. Königsberg ikaangamizwa. Mizinga ilikuwa ile ile siku zote mbili. Kilichozidi katika siku ya pili ni uzoefu uliopatikana katika kushindwa kwa siku ya kwanza, na moyo wa mtu mmoja aliyejua kwamba anaanguka. Mchezo waweza kupima masafa ya mzinga. Moyo huo utaupa namba gani?

Miaka sitini na mitatu ilipita, na vita vikarudi mtoni. Mpaka wa Tanzania na Uganda, magharibi ya ziwa, uliwekwa na wakoloni katika digrii moja ya latitudo ya kusini, mstari unyookao usiojali kilima wala kijito. Kwa hiyo kipande cha nchi ya Tanzania, cha kilomita za mraba 1,800 hivi, kikabaki baina ya mstari huo na mto Kagera. Mwishoni mwa Oktoba, 1978, jeshi la Idi Amin lilikiingia kipande hicho, na siku chache baadaye Amin akatangaza kuwa ni mali ya Uganda. Raia waliuawa, wanawake walidhulumiwa, ng'ombe waliswagwa, na kiwanda cha sukari cha Kagera kiliporwa. Maelfu ya watu walikimbia kusini ya mto. Daraja la Kyaka lilikuwa ndilo njia ya gari ya kuvukia hapo. Na kwa hiyo daraja likawa shabaha.

Hapa ndipo mchezo na vita vinapoweza kulinganishwa ana kwa ana. Jeshi la anga la Uganda lilikuwa na ndege za MiG, nalo lilijaribu kulivunja daraja la Kyaka kwa mabomu kutoka angani. Halikufaulu. Sababu zake si za ajabu, na mchezaji mwenye bidii huzijua nusu yake. Ndege iendayo kilomita 900 kwa saa hupita mita 250 katika sekunde moja. Rubani akilikabili daraja kwa kulikata, akachelewa kuliachia bomu kwa sehemu moja ya kumi ya sekunde, bomu lake litaanguka mita 25 mbele, na daraja lenyewe halina upana huo. Akilifuata kwa urefu wake, kosa dogo la mkono kulia au kushoto hulipeleka bomu mtoni. Akishuka chini ili aone vyema, huingia katika mizinga ya kutungulia ndege. Akipanda juu ili asalimike, daraja huwa uzi machoni pake. Baadaye, jeshi la Tanzania liliposonga mbele, mashaka hayo ya rubani yalizidi, kwa kuwa askari wa miguu walibeba begani makombora ya Kirusi ya Strela, yanayofuata joto la injini. Chombo kilichoweza kubebwa na mtu mmoja kikawa adui wa chombo kilichohitaji uwanja wa ndege, mafundi na ghala la mafuta.

Daraja lilivunjika tarehe 3 Novemba, 1978, lakini halikuvunjwa na ndege. Waganda walimleta fundi wa migodi ya Kilembe, mtu aliyezoea kupasua miamba, naye akatega baruti daraja likaanguka. Kazi iliyowashinda marubani ilifanywa na mchimba madini. Waliolivunja walidhani ya kuwa mto sasa utakuwa boma lao. Katika mwezi huo huo wahandisi wa jeshi la Tanzania waliweka daraja la muda, na askari wakavuka kurudisha nchi katika operesheni iliyoitwa Chakaza. Wengi wao walikuwa wametoka mbali, katika mabasi na malori ya raia yaliyochukuliwa kwa ajili ya vita, wakipita njia zilizolainishwa na mvua za vuli. Mabasi hayo na matope hayo yalikuwa na sehemu katika ushindi, wala hayaonekani katika kioo cha rubani.

Matukio mawili mengine ya vita hivyo yanazidi kuonyesha upungufu wa hesabu ya vyombo. La kwanza ni la huzuni: katika siku za mwanzo ndege za kivita za Tanzania zilitunguliwa na askari wa Tanzania wenyewe, waliodhani ya kuwa ni za adui. Pande zote mbili zilirusha ndege za asili moja, maana MiG za Kirusi na zile zilizotengenezwa China kwa kufuata mfano wake hufanana kwa umbo. Na askari aliye chini, aliyekwisha kupigwa na ndege jana, hana nafasi ya kuchunguza alama ya bawani. Katika michezo mingi, ndege ya rafiki huwekewa rangi yake, na kosa hilo halitokei. Rangi hiyo ndogo huondoa moja ya hofu kubwa za vita.

La pili lilitokea Mwanza mwishoni mwa Machi, 1979. Muammar Gaddafi, aliyemsaidia Amin, alituma ndege ya Tu-22 kwenda kulipua ghala la mafuta la mji huo. Ilikuwa ndege kubwa ya Kirusi yenye mwendo upitao sauti, iliyobuniwa kwa vita vya mataifa makubwa. Katika jedwali la mchezo wowote, ndege kama hiyo dhidi ya ghala lisiloweza kukimbia ni jambo lililokwisha kuamuliwa. Ilikosa. Silaha zake ziliangukia kisiwa cha Saanane, kilichokuwa hifadhi ya wanyama, na waliouawa ni wanyama. Siku chache baadaye ndege za Tanzania zilishambulia Uganda kwa kulipiza, na tarehe 11 Aprili, 1979, Kampala ikaanguka mikononi mwa majeshi ya Tanzania na ya Waganda waliompinga Amin. Waliofika huko walifika kwa miguu.

Kutokana na hayo yote yaweza kusemwa ya kwamba mbinu ya vita si sifa ya chombo peke yake. Ni mapatano baina ya chombo, mahali na mtu. Mchezo hukijua chombo vizuri kabisa, kwa sababu chombo kina kitabu chake. Mahali hupakisia, kwa sababu pana ramani. Mtu humjua kidogo, na mtu aliye chini ya ndege hamjui hata kidogo, kwa sababu hajaulizwa. Wahenga walisema, adhabu ya kaburi aijuaye maiti. Lakini wa Kagera walio wengi hawakuwa maiti, walisalimika, nao waweza kusema.

Kuna watakaojibu ya kuwa mchezo ni mchezo, na kuudai uchukue majonzi ya raia ni kuutwika mzigo usio wake. Jibu hilo lina haki yake kwa mchezo unaojiita mchezo. Halina haki kwa ule unaojiita kweli. Reisswitz alitia dadu ili kukiri kwamba kuna asiyoyajua. Roberts aliweka pazia ili kukiri kwamba nahodha haoni. Wote wawili waliuongeza ukweli wa mchezo kwa kuongeza yale yasiyojulikana, si kwa kuongeza swichi. Mtungaji wa leo, mwenye kompyuta inayoweza kuhesabu joto la injini katika kila hatua, angeweza pia kuonyesha kwamba chini ya daraja kuna wavukao na vifurushi kichwani, na kwamba bomu likosalo daraja halipotei: huangukia mahali, na mahali hapo pana jina.

Kazi ya kutafuta majina hayo si ya mtungaji wa mchezo. Ni ya mwanahistoria, nayo ina haraka. Aliyekuwa na miaka ishirini mwaka wa 1978 sasa anakaribia sabini. Vitabu vya vita hivyo vimesimulia zaidi mambo ya majemadari na brigedi, na macho yao yameelekezwa Kyaka, Mutukula na barabara ya kwenda Kampala. Upande wa magharibi umeangaliwa kidogo, ingawa barabara inayovuka mto Murongo na kupita Kikagati huelekea Mbarara, mji ulioangukia mikononi mwa Watanzania mwezi wa Februari, 1979. Watu wa Kyerwa na Karagwe waliokaa kando ya mto walisikia nini usiku? Walizijuaje ndege za nani zinapita? Nani alivuka, kwa mtumbwi wa nani, na alipokewa katika nyumba ipi? Haya ndiyo maswali ya Liverpool yaliyoletwa Murongo: saa ngapi, mahali gani, na sauti ilitoka upande upi. Mwanafunzi mwenye daftari na adabu ya kuketi na wazee aweza kuyajibu katika likizo moja.

Leo pale Murongo na Kikagati maji ya Kagera huzungusha mitambo ya umeme ya megawati 14, na nchi mbili zilizopigana hugawana umeme huo. Huenda ukawa ndio uwashao kompyuta ya kijana aendeshaye MiG-21 katika kioo chake. Si vibaya acheze. Lakini akiizima kompyuta yake jioni, naye akamkuta babu yake ameketi barazani, na amwulize habari za mwaka ule.